Kutoka Kinasa Sauti hadi Hazina ya Chuo: Dhima ya Maktaba za Vyuo Vikuu katika Usimamizi wa Data za Utafiti Zinazokusanywa Musoma, Bunda na Butiama

Ikisiri

Tasnifu inayokubaliwa na chuo kikuu huhifadhiwa maktabani na katika hazina ya kidijitali ya chuo, lakini data zilizoizaa tasnifu hiyo mara nyingi hubaki mikononi mwa mtafiti na hupotea pamoja na vifaa vyake. Makala haya yanaeleza dhima ya maktaba za vyuo vikuu katika kuziba pengo hilo, kwa kurejelea data zinazokusanywa Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara. Mifano mitatu inajadiliwa: taarifa ya Hans Cory ya mwaka 1945, masimulizi ya kihistoria yaliyokusanywa na Jan Bender Shetler, na data za sauti za Kijita na Kizanaki. Hoja kuu ni kwamba maktaba inapaswa kuingia katika utafiti kabla ya fomu ya ridhaa kusainiwa, kwa kuwa ridhaa ndiyo inayoamua iwapo data zitaweza kuhifadhiwa, kutumiwa na watafiti wengine na kurudishwa kwa jamii zilizozitoa.

Istilahi za msingi: data za utafiti, maktaba ya chuo kikuu, metadata, ridhaa, Mkoa wa Mara

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Mara ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambamo lugha nyingi zinazungumzwa katika eneo dogo. Kando ya Ziwa Victoria, katika Musoma na Bunda, husikika Kijita, Kikwaya na Kiruri. Butiama ni nchi ya Wazanaki, ambamo Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922 na ambamo alizikwa mwaka 1999. Kutoka Bunda kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti wapo Waikizu na Wasizaki, na miongoni mwa jamii hizi za Kibantu wanaishi pia wafugaji wa Kitatoga. Wingi huu wa lugha na mapokeo, ukiunganishwa na ziwa, machimbo na mbuga, umewavutia wanaisimu, wanahistoria, wataalamu wa fasihi simulizi, wa afya, wa uvuvi na wa ikolojia kwa vizazi kadhaa.

Kila mtafiti huondoka Mara akiwa na kitu. Zamani kilikuwa daftari na kanda. Leo ni faili za sauti katika simu, picha, hojaji zilizojazwa na majedwali katika kompyuta. Baada ya miaka miwili au mitatu kitu hicho hugeuka tasnifu. Tasnifu hutahiniwa, hurekebishwa, hujalidiwa na kuwekwa katika hazina ya chuo, ambako msomaji yeyote mwenye intaneti anaweza kuipakua. Faili za sauti hazifuatani nayo. Hubaki katika kompyuta ya mtafiti hadi kompyuta inapoharibika, au katika flashi ambayo baadaye hufutwa ili itumike kwa kazi nyingine.

Matokeo yake ni kwamba hazina ya chuo hutunza hitimisho na kuuacha ushahidi. Mtahini anayesoma tasnifu kuhusu ngano za Wazanaki hukuta ngano kumi katika kiambatisho, zimenukuliwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Hana namna ya kuusikia wimbo uliomo katika ngano ya nne, wala ya kujua msimulizi alinyamaza wapi, wala ya kupima iwapo tafsiri imelitendea haki neno lililosemwa. Analazimika kumwamini mtahiniwa. Mtafiti anayekuja miaka kumi baadaye analazimika kwenda Butiama upya, na huenda akakuta msimulizi amekwisha kufariki.

Makala haya yanaeleza namna maktaba ya chuo kikuu inavyoweza kulizuia hasara hiyo. Sehemu ya pili inafafanua dhana za msingi. Ya tatu inapitia kumbukumbu tatu za utafiti wa Mara na funzo la kila moja. Ya nne inaeleza majukumu ya maktaba kwa kufuata hatua za utafiti. Ya tano inajadili vikwazo. Na ya sita ni hitimisho.

2.0 Data za Utafiti na Usimamizi Wake

Data za utafiti ni kumbukumbu zote ambazo mtafiti amezikusanya au kuzizalisha, na ambazo bila hizo madai yake hayawezi kuthibitishwa. Katika utafiti wa lugha na fasihi hizi ni pamoja na rekodi za sauti na video, unukuzi, orodha za maneno, shajara ya uwandani, picha na fomu za ridhaa. Katika sayansi za jamii huongezeka hojaji na majedwali. Katika ikolojia na uvuvi, vipimo na picha za kamera.

Ni vyema kutofautisha matabaka matatu. Tabaka la kwanza ni data ghafi, yaani kile kilichonaswa kama kilivyotokea. La pili ni data zilizochakatwa: unukuzi, tafsiri, usimbaji wa majibu. La tatu ni data zilizochapishwa, yaani sehemu ndogo inayoonekana ndani ya tasnifu. Kiambatisho cha tasnifu ni cha tabaka la tatu. Kukichukulia kiambatisho kuwa ni uhifadhi wa data ni sawa na kuhifadhi unga wa kibaba kimoja na kudai kwamba ghala limejaa mtama.

Dhana nyingine ya msingi ni metadata, yaani maelezo yanayozihusu data zenyewe: nani alisema, nani alirekodi, wapi, lini, kwa lugha gani, kwa kifaa gani, kwa kusudi gani na kwa masharti gani. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Rekodi yenye jina la faili la tarakimu tupu, lililotolewa na simu, ni mali isiyo na daftari: inaweza kuwepo kwa miaka mingi na bado isimfae mtu yeyote, kwa kuwa hakuna anayejua ni sauti ya nani wala inahusu nini.

Kimataifa, kanuni zinazorejelewa zaidi katika usimamizi wa data zilichapishwa mwaka 2016 na zinajulikana kwa kifupi kama FAIR. Zinataka data ziweze kupatikana, kufikiwa, kuingiliana na data nyingine na kutumika tena. Mwaka 2019 ziliongezewa kanuni za CARE, zilizotokana na madai ya jamii za wenyeji katika sehemu mbalimbali za dunia, ambazo zinasisitiza manufaa ya pamoja, mamlaka ya jamii juu ya data zake, uwajibikaji na maadili. Seti ya kwanza inauliza iwapo mashine na mtafiti mwingine wataweza kuzitumia data. Seti ya pili inauliza iwapo aliyezitoa atafaidika. Kwa utafiti unaofanyika vijijini Mara, maswali yote mawili ni ya lazima.

3.0 Kumbukumbu Tatu za Utafiti wa Mara

3.1 Taarifa ya Hans Cory, 1945

Hans Cory, mzaliwa wa Austria, alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni Tanganyika hadi miaka ya mwisho ya utawala huo. Mwaka 1945 aliandika taarifa kuhusu mpangilio wa jamii za Wilaya ya Musoma kabla ya ujio wa Wazungu, pamoja na mapendekezo ya kuurekebisha mfumo wa koo ili uendane na mazingira ya wakati ule. Wilaya hiyo ilikuwa na eneo kubwa kuliko ya sasa. Butiama, kwa mfano, haikuwa wilaya inayojitegemea hadi mwaka 2012. Taarifa hiyo, pamoja na karatasi nyingine nyingi za Cory, imo katika kitengo cha East Africana cha Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanahistoria wa Mara wameendelea kuirejelea.

Taarifa hiyo inatoa mafunzo mawili. Kwanza, maandishi haya yamedumu kwa sababu maktaba iliyapokea kama mkusanyo, ikayapa namba na kuyaorodhesha. Bila namba ya orodha, msomaji wa leo asingejua kwamba yapo. Pili, maelezo kuhusu chanzo ndiyo yanayomwezesha msomaji kuyatumia kwa tahadhari. Kwa kuwa orodha inamtaja mwandishi, mwaka na kusudi, msomaji anatambua kwamba anasoma kazi ya mtumishi wa serikali aliyetumwa kutafuta namna ya kutawala. Taarifa hiyo hiyo, ikiondolewa jina, mwaka na kusudi, ingesomeka kama ukweli mtupu kuhusu Wazanaki na Wajita, na ingepotosha.

Taarifa ina mpaka wake pia. Ni maandishi ya Cory. Sauti za wazee aliowauliza hazimo. Kilichosemwa kimekwisha kupita katika akili na lugha ya mwandishi, na hakuna njia ya kurudi nyuma.

3.2 Masimulizi ya Mara ya Kusini

Nusu karne baada ya Cory, mwanahistoria Jan Bender Shetler wa Chuo cha Goshen, jimbo la Indiana nchini Marekani, alifanya mahojiano na wazee wa Mara ya kusini katika miaka ya 1995 na 1996. Kazi yake ilizaa vitabu kadhaa. Telling Our Own Stories, kilichochapishwa mwaka 2003, kilikusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Imagining Serengeti, cha mwaka 2007, kilieleza namna jamii za magharibi mwa Serengeti zinavyoikumbuka ardhi yao. Claiming Civic Virtue, cha mwaka 2019, kiligeukia kumbukumbu za wanawake. Zaidi ya vitabu, Shetler alianzisha maktaba ya kidijitali ya urithi wa utamaduni wa Mara ili mahojiano na nyaraka alizozikusanya ziweze kufikiwa na wengine.

Hapa funzo ni tofauti na la Cory. Mtafiti hakuishia kuhifadhi kitabu; aliuhifadhi pia ushahidi ambao kitabu kilitokana nao. Msomaji anayetilia shaka fasiri fulani anaweza kurudi kwenye mahojiano. Mjukuu wa mzee aliyehojiwa, akiwa Bunda au Dar es Salaam, anaweza kuyatafuta maneno ya babu yake bila kuomba ruhusa ya mchapishaji.

Hata hivyo, mfano huu unaibua swali kwa vyuo vya Tanzania. Masimulizi yalitoka Mara, lakini nyenzo za kuyatunza kidijitali zilitegemea msukumo wa mtafiti wa ng'ambo na taasisi zake. Iwapo mtafiti wa nje ameweza kuziwekea utaratibu data za Mara, mtahiniwa wa Kitanzania anayehojiana na wazee hao hao kwa Kiswahili anahitaji chuo chake kimpe angalau nafasi iliyo sawa.

3.3 Sauti za Kijita na Kizanaki

Mfano wa tatu unahusu lugha zenyewe. Kijita ni lugha yenye toni, na toni zake zilikuwa mada ya tasnifu ya Laura Downing katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1990. Kizanaki kina irabu saba, ilhali othografia ya Kiswahili ina irabu tano. Ukweli huu wa kiisimu una uzito mkubwa katika suala la data.

Mtahiniwa wa fasihi au isimu anayenukuu Kizanaki kwa kutumia herufi tano za irabu za Kiswahili anaziunganisha irabu ambazo mzungumzaji anazitofautisha. Anayenukuu Kijita bila alama za toni anaacha kiwimbo ambacho ni sehemu ya lugha. Unukuzi wa namna hiyo unaweza kulitosheleza lengo la tasnifu yake, lakini yaliyopotea hayawezi kurejeshwa kutoka katika maandishi. Yanaweza kurejeshwa kutoka katika sauti pekee. Kwa hiyo, katika lugha za Mara, rekodi ya sauti ndiyo data, na unukuzi ni tafsiri ya kwanza ya data hiyo. Chuo kinachotunza unukuzi na kuiachia sauti ipotee kimetunza maoni ya mtafiti kuhusu lugha, hakijaitunza lugha.

4.0 Majukumu ya Maktaba kwa Kufuata Hatua za Utafiti

4.1 Kabla ya kwenda uwandani: mpango na ridhaa

Kwa mazoea, mkutubi hukutana na mtahiniwa mara mbili: mwanzoni anapotafuta machapisho, na mwishoni anapoleta nakala ya tasnifu. Katika usimamizi wa data, mkutano wa pili huja kwa kuchelewa, na sababu yake ni fomu ya ridhaa.

Fomu nyingi za ridhaa humwahidi mtoataarifa kwamba maelezo yake yatatumika kwa ajili ya utafiti huu tu, na wakati mwingine kwamba yataharibiwa utafiti utakapokamilika. Ahadi hiyo hutolewa kwa nia njema ya kumlinda. Lakini ikishasainiwa inafunga. Mzee wa Majita aliyeahidiwa kwamba sauti yake haitatoka mikononi mwa mtafiti hawezi kuwekwa katika hazina ya chuo baadaye, hata kama masimulizi yake ni ya pekee na hata kama yeye mwenyewe, angeulizwa vizuri, angependa wajukuu zake wayasikie. Hakuna teknolojia ya maktaba inayoweza kuifungua ridhaa iliyofungwa kwa sentensi moja.

Kwa hiyo jukumu la kwanza la maktaba ni kushiriki katika kuandaa fomu hiyo. Badala ya swali moja la kukubali au kukataa, fomu iwe na maswali kadhaa: iwapo mtoataarifa anakubali kurekodiwa, iwapo rekodi ihifadhiwe chuoni, iwapo watafiti wengine waisikilize, iwapo iwe wazi kwa umma, iwapo atajwe kwa jina au afichwe. Swali la mwisho lisichukuliwe kuwa na jibu moja. Katika utafiti wa afya, kuficha jina ni kinga. Katika fasihi simulizi, kumficha mganaji mahiri ni kumnyang'anya kazi yake.

Sheria nayo inadai uangalifu huu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na halali, na inaziwekea ulinzi wa ziada taarifa nyeti kama za afya na za watoto. Uhifadhi na matumizi ya baadaye yakitajwa katika fomu tangu mwanzo yanakuwa sehemu ya kusudi hilo. Yasipotajwa, chuo kinabaki na data ambazo hakina uhalali wa kuzitumia.

4.2 Uwandani: majina, umbizo na nakala

Jukumu la pili ni mafunzo. Mtahiniwa anahitaji kujua mambo machache kabla ya kupanda basi la kwenda Musoma, na wakutubi ndio wanaofaa kuyafundisha kwa kuwa uainishaji ni taaluma yao.

La kwanza ni majina ya faili. Jina lenye lugha, mahali, tarehe na namba ya mtoataarifa, kwa mfano Kizanaki_Butiama_2024-07-14_M03, linajieleza lenyewe hata likitengwa na mengine. La pili ni umbizo. Sauti inayorekodiwa ndani ya programu ya WhatsApp huwa imebanwa tayari, na sehemu ya mawimbi yake imeondolewa. Kwa uchanganuzi wa toni, umbizo la WAV lisilobanwa ni salama zaidi. La tatu ni nakala. Utaratibu unaopendekezwa na wataalamu ni kuwa na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na nakala moja iwe mahali pengine. Mtafiti aliyeko Bunda mwenye nakala moja ndani ya simu yake anategemea kwamba simu haitaibiwa, haitaanguka ziwani na haitajaa.

Suala la ukubwa mara nyingi hutiwa chumvi. Saa moja ya sauti ya WAV, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16 na chaneli moja, huchukua takriban megabaiti 346. Mahojiano 40 ya saa moja moja ni kama gigabaiti 14, kiasi kinachoenea katika flashi ya kawaida ya gigabaiti 32. Data za tasnifu nzima ya fasihi simulizi haziishindi nafasi ya chuo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuzipokea.

4.3 Baada ya uwandani: maelezo na hifadhi

Jukumu la tatu ni kupokea na kuorodhesha. Vyuo vikuu kadhaa nchini tayari vina hazina za kidijitali, baadhi zikitumia programu huria ya DSpace, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Programu hizo zinapokea faili za sauti na majedwali kama zinavyopokea tasnifu. Kinachohitajika ni mkutubi kuunda ukurasa wa maelezo wa mkusanyo na kuuunganisha na ukurasa wa tasnifu, ili msomaji anayeikuta moja aione na nyingine.

Maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili, na majina ya mahali na ya lugha yaandikwe kwa namna zote zinazojulikana. Kijiji kinaweza kubadilishiwa wilaya. Lugha moja inaweza kuandikwa kwa tahajia tatu. Msomaji anayetafuta data za Butiama za miaka ya 1990 asipojua kwamba eneo hilo lilikuwa chini ya Wilaya ya Musoma hatazipata. Kazi ya kuunganisha majina haya ni ya kikutubi, na mashine ya kutafutia haiifanyi yenyewe.

Kisha huja uangalizi wa kudumu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kidijitali huoza: diski huchakaa, umbizo hupitwa na wakati, faili huharibika kimyakimya. Kwa hiyo maktaba hukokotoa alama ya ukaguzi ya kila faili, yaani mfuatano wa tarakimu na herufi unaotokana na yaliyomo, na kuukokotoa tena kila baada ya muda. Alama ikibadilika, faili imebadilika, na nakala nzima huchukuliwa kutoka hifadhi nyingine.

4.4 Ngazi za ufikiaji

Kuhifadhi si sawa na kuanika. Mkoani Mara zipo mada ambazo rekodi yake inaweza kumdhuru aliyezungumza. Ukeketaji wa wasichana wenye umri chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na mwanamke anayemweleza mtafiti kilichotokea katika ukoo wake anaweza kuwa anawataja ndugu zake. Kumwita M03 hakutoshi. Katika kijiji ambamo watu wanajuana, sauti ni jina.

Maktaba inaweza kuweka ngazi nne: data zilizo wazi kwa wote, data za kusikilizwa maktabani tu, data zinazohitaji kibali cha kamati ya maadili, na data zilizofungwa kwa muda uliotajwa. Mapokeo ambayo kwa mila husemwa kwa watu wa rika au jinsia fulani pekee nayo yapewe ngazi yake, kwa kufuata maelekezo ya waliyoyatoa. Hata pale rekodi yenyewe imefungwa, maelezo yake yabaki wazi, ili watafiti wajue kwamba ipo na wasiende kuwahoji waathirika wale wale kwa mara ya pili kuhusu machungu yale yale.

4.5 Kurudisha

Jukumu la tano ndilo linalosahaulika zaidi. Data zilizotoka Mara zimekwenda Dar es Salaam, Illinois na Indiana. Njia ya kurudi haijawa pana kama ya kwendea. Mkoa una mahali pa kuzipokea. Musoma kuna maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bunda kuna chuo cha ualimu. Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere.

Nakala ya rekodi zilizo wazi, pamoja na orodha iliyochapwa, ikiwekwa katika mojawapo ya taasisi hizi, mwalimu wa Bunda anaweza kuitumia darasani na mzee anaweza kumsikia ndugu yake. Urudishaji unaisaidia sayansi pia. Wenyeji wanaosikiliza rekodi husahihisha majina ya mahali na koo, hutambua msimulizi asiyetajwa, na huonya pale unukuzi ulipokosea. Chuo kikuu kilichopo Butiama kina nafasi ya pekee hapa: kikipokea data za kilimo, uvuvi na jamii za eneo hilo kwa utaratibu tangu sasa, kitakuwa na hazina ya Mara ndani ya Mara.

5.0 Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni hofu ya watafiti kwamba data zao zitachukuliwa na wengine kabla hawajamaliza kuchapisha. Hofu hii ina msingi na dawa yake inajulikana: mkusanyo hufungwa kwa kipindi maalumu, huku maelezo yake yakiwa na jina la mtafiti na tarehe ya kuukabidhi. Tarehe hiyo, badala ya kumnyima haki, inathibitisha kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Mkusanyo ukipewa utambulisho wa kudumu, wanaoutumia hulazimika kuutaja kama wanavyokitaja kitabu.

Kikwazo cha pili ni uwezo. Ingawa nafasi ya faili si ghali, muda wa mkutubi mwenye ujuzi ni ghali, na umeme na intaneti vina gharama zake za kila mwezi. Si kila maktaba inaweza kubeba mzigo huu peke yake. Busara ni kugawana: chuo kimoja kitunze seva, vingine viandae maelezo ya mikusanyo yao, na nakala za akiba zibadilishane kati ya miji.

Kikwazo cha tatu ni kanuni. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hutoa vibali vya utafiti, na vyuo hutoa miongozo ya uandishi wa tasnifu. Mtahiniwa hutimiza kile anachodaiwa. Mwongozo unaoeleza kwa kina upana wa pambizo na rangi ya jalada, bila kuuliza data ziko wapi, unamfundisha kwamba jalada lina uzito kuliko ushahidi. Vilevile maktaba haina mamlaka ya kudai data ambazo kanuni za chuo hazizitaji.

6.0 Hitimisho

Mifano ya Mara inaonesha kwamba data hazidumu kwa sababu ya umuhimu wake. Hudumu kwa sababu kuna taasisi iliyozipokea, ikazieleza na kuzitunza. Taarifa ya Cory ipo kwa kuwa maktaba iliiorodhesha; masimulizi ya Mara ya kusini yanaweza kurejewa kwa kuwa mtafiti aliyatenga na kitabu na kuyapa hifadhi yake; toni za Kijita na irabu za Kizanaki zitaweza kuchunguzwa upya pale tu sauti yenyewe itakapokuwa imetunzwa.

Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, fomu ya ridhaa ya kila mtahiniwa ipitiwe na mkutubi wa data kabla ya kuwasilishwa kwa kamati ya maadili. Pili, kila tasnifu iwe na aya moja, mwishoni mwa sura ya mbinu za utafiti, inayotamka data ziko wapi, katika ngazi gani ya ufikiaji na kwa sababu gani. Tatu, watahini waisome aya hiyo kama wanavyoisoma sehemu ya usampulishaji, na waulize inapokosekana. Swali hilo moja, likiulizwa mara kwa mara katika vikao vya utetezi, litaijenga kanuni ambayo bado haijaandikwa, na litawafanya wazee wanaozungumza leo Majita, Ikizu na Butiama wasikike na watafiti ambao bado hawajazaliwa.